Shemasi Aliyetafuta Ufunguo Katika Karata: Maisha ya Éliphas Lévi

Mpendwa msomaji, kijana wa leo akifungua simu yake hakosi kukutana na mtu anayemwahidi kumfunulia kesho yake. Huambiwa ataje tarehe yake ya kuzaliwa, namba zijumlishwe, kisha jumla ile ioanishwe na karata yenye picha. Hapo huelezwa tabia yake, mchumba wake, kazi yake na hatari zinazomnyemelea. Karata hizo huitwa taroti. Kutafuta maana za siri katika namba huitwa numerolojia. Wanaoviunganisha viwili hivi husema kwamba karata peke yake ni picha tu, na kwamba namba ndiyo huipa kina.

Wachache wanajua kwamba mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi katika kuziunganisha karata hizo na namba alisoma seminari kama sisi, akavaa kanzu kama sisi, na akapewa daraja la ushemasi. Nimeona vema tuyaangalie maisha yake, tuone alichokuwa akikitafuta, kwa nini alikitafuta kule, na kama alikipata.

Mtoto wa fundi viatu

Jina lake la ubatizo lilikuwa Alphonse Louis Constant. Alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 8 Februari 1810, baba yake akiwa fundi viatu. Ufaransa ilikuwa imetoka katika Mapinduzi yaliyofunga makanisa na kuua mapadre, na Kanisa lilikuwa likijijenga upya. Mtoto maskini mwenye akili na moyo wa ibada alikuwa na njia moja ya kupata elimu ya juu, nayo ilikuwa seminari. Alphonse alikuwa na vyote viwili, akili na ibada. Mwaka 1825 aliingia seminari ndogo ya Saint-Nicolas-du-Chardonnet.

Huko alikutana na mlezi, padre mmoja aliyependa mambo ya ajabu ya rohoni na aliyefundisha kwamba historia ya wanadamu inakwenda kwa zama, na kwamba zama za Roho Mtakatifu zinakaribia. Padre huyo baadaye aliondolewa katika kazi yake. Kijana alimpenda mlezi wake na aliumia kuona ameondolewa. Tangu siku zile alianza kudhani kwamba ukweli mkubwa kuliko wote umefichwa, na kwamba wenye mamlaka hawapendi ufichuliwe. Wazo hilo hakuliacha maisha yake yote.

Mwaka 1830 alikwenda Issy kusoma falsafa, kisha Saint-Sulpice kusoma teolojia. Tarehe 19 Desemba 1835 alipewa ushemasi. Alikuwa na umri wa miaka 25, umri nilio nao mimi ninayeandika haya.

Siku chache kabla ya upadre

Kazi mojawapo aliyopewa ilikuwa kufundisha katekisimu kwa wasichana. Miongoni mwao alikuwamo binti mmoja maskini, jina lake Adèle Allenbach, ambaye mama yake alimwomba amwandae kwa Komunyo ya Kwanza. Moyo wa shemasi ukamwelekea binti yule. Alipokuwa amebakiza siku chache tu apewe upadre, mwaka 1836, alimweleza mlezi wake wa kiroho hali yake, akaiacha seminari.

Mpendwa msomaji, tusimhukumu haraka hapa. Kuondoka seminari si dhambi. Malezi yamewekwa ili mtu ajipime, na kijana anayesema ukweli kabla ya kulala kifudifudi mbele ya altare huliheshimu Kanisa kuliko anayeficha. Hata hivyo yeye alikuwa tayari shemasi, amekwisha kutoa ahadi ya useja, na kuondoka kwake hakukuwa jambo jepesi. Waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba mama yake alivunjika moyo kiasi kwamba muda si mrefu baadaye alijiua. Alphonse alitoka seminari bila daraja la upadre, bila kazi, bila fedha, na sasa bila mama.

Hakulichukia Kanisa. Mwaka 1839 alikwenda katika monasteri ya Solesmes akitumaini kuwa mmonaki. Huko alisoma sana vitabu vya watu wa sala na vya wazushi wa kale pia, lakini hakuelewana na wakubwa wa nyumba, akaondoka tena. Akarudi Paris akiwa na njaa ileile ya kumjua Mungu, na nyumba ya kuishibisha ameikosa.

Gereza, ndoa na msiba

Katika miaka ya 1840 aliitafuta nyumba hiyo katika siasa. Mwaka 1841 alichapisha kitabu kilichochanganya Injili na mapinduzi ya maskini. Serikali ikakikamata, naye akahukumiwa kifungo cha miezi minane na faini ya faranga 300. Mwaka 1847 alifungwa tena kwa sababu ya maandishi yake kuhusu njaa ya watu.

Mwaka 1846 alifunga ndoa ya kiserikali na msichana aliyeitwa Noémie Cadiot, ambaye baadaye alijulikana kama mchongaji wa sanamu na mwandishi kwa jina la Claude Vignon. Walipata binti, Marie, ambaye baba alimpenda mno. Mwaka 1853 mke alimwacha. Mwaka 1854 mtoto Marie akafariki.

Ni katika miaka hiyohiyo ya machozi ndipo mtu huyu aligeukia namba. Alikuwa amekutana na Józef Hoene-Wroński, mwanahisabati kutoka Poland aliyeishi Ufaransa na aliyeamini kwamba iko kanuni moja ya hisabati inayoweza kueleza ukweli wote: elimu, dini na historia. Wroński alifariki mwaka 1853 akiwa maskini. Constant alilibeba wazo lake. Kama ipo kanuni moja, alifikiri, basi lazima watu wa kale waliijua na kuificha mahali fulani. Akaamini kwamba mahali hapo ni katika karata za kuchezea.

Karata na herufi 22

Hapa inafaa tuzifahamu karata zenyewe. Karata za kuchezea ziliingia Ulaya katika karne ya 14. Katika miaka ya 1440 hivi, kaskazini mwa Italia, watu waliongeza kwenye fungu la kawaida karata za picha zilizokuwa turufu: Mfalme Mkuu, Papa, Kifo, Jua, Hukumu na nyingine. Fungu lililozoeleka lina karata 78. Kati ya hizo, 56 zimegawanyika katika aina nne, yaani vikombe, panga, sarafu na fimbo, na 22 zilizobaki ni turufu pamoja na Mpumbavu. Ulikuwa mchezo. Turufu kubwa ilikula turufu ndogo, kama tunavyocheza sisi karata kijiweni.

Zaidi ya miaka 300 ilipita ndipo mwandishi wa Kifaransa, Antoine Court de Gébelin, akatangaza mwaka 1781 kwamba karata hizo ni kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri. Hakuwa na ushahidi, na wakati ule hakuna aliyeweza kusoma maandishi ya kale ya Misri, kwani Champollion aliufungua mlango huo mwaka 1822. Punde baada ya hapo mtu mmoja wa Paris, Jean-Baptiste Alliette, aliyejiita Etteilla kwa kuligeuza jina lake nyuma mbele, akaanza kufundisha kupiga ramli kwa taroti kwa malipo.

Constant alimdharau Etteilla na wapiga ramli wa mitaani. Yeye alitaka kitu cha juu zaidi. Aligundua kwamba turufu, ukimhesabu na Mpumbavu, ni 22, na herufi za Kiebrania nazo ni 22. Katika Kiebrania kila herufi ni namba pia: Alefu ni 1, Bethi ni 2, Yodi ni 10, hadi Tau ambayo ni 400. Basi akaipa kila turufu herufi yake, na kwa njia hiyo namba yake na maana yake. Ya kwanza, Mfanya Mazingaombwe, ikawa Alefu, chanzo cha yote. Ya pili ikawa nguzo mbili za hekalu, ya tatu pembetatu ya Sulemani, ya nne Jina la Mungu lenye herufi nne, ya tano nyota ya pembe tano. Aina nne za karata alizifunga na herufi nne za Jina hilo la Mungu, na karata zenye namba 1 hadi 10 akazifunga na ngazi kumi ambazo Kabala ya Kiyahudi huziita maonyesho ya Mungu. Kuanzia hapo karata yenye vikombe vitatu haikuwa tena vikombe vitatu. Ilikuwa herufi ya Mungu juu ya namba 3.

Kitabu chake kikubwa kuhusu uchawi wa juu kilitoka kati ya 1854 na 1856. Kina sehemu mbili, kila moja ina sura 22. Alikitia sahihi kwa jina jipya alilolipata kwa kuyapa majina yake sura ya Kiebrania: Éliphas Lévi. Ndivyo shemasi Constant alivyosahauliwa na watu, akabaki Éliphas Lévi. Baada yake walikuja wengine, hasa chama cha siri kilichoanzishwa London mwaka 1888 kwa jina la Golden Dawn, wakaujenga juu ya msingi wake utaratibu wa kupiga ramli ambao umeenea hadi kwenye simu zetu.

Tuujaribu ufunguo

Mimi ni mwanafunzi wa falsafa, na falsafa hutufundisha kuuliza kabla ya kuogopa. Kama namba za karata zina ukweli ndani yake, basi ukweli huo haupaswi kubadilika anapobadilika anayehesabu. Tutazame.

Mafungu ya zamani sana yaliyochorwa kwa mkono huko Italia hayakuwa na namba kabisa, na miji tofauti ilipanga turufu kwa mfuatano tofauti. Namba zilikuja baadaye, ili kuwasaidia wachezaji. Mpumbavu hakuwa na namba. Lévi alimweka karibu na mwisho, mahali pa 21, pamoja na herufi Shini. Golden Dawn walimhamishia mwanzo, kwenye Alefu. Kwa kuhama kwake peke yake, karibu kila karata ilipata herufi nyingine. Kisha fungu maarufu lililotoka London mwaka 1909 likabadilishana nafasi za Haki na Nguvu. Haki iliyokuwa 8 ikawa 11, na Nguvu iliyokuwa 11 ikawa 8.

Sasa tumchukue Lévi mwenyewe, tumfanyie hesabu wanayofanyiwa vijana leo. Alizaliwa tarehe 8, mwezi wa 2, mwaka 1810. Tukijumlisha tarakimu moja moja tunapata 20, nayo ni karata ya Hukumu. Tukijumlisha 8 na 2 na 1810 tunapata 1820, na tarakimu zake zinatoa 11. Kwa fungu la zamani la Kifaransa 11 ni Nguvu, kwa fungu la London ni Haki. Tukiendelea kujumlisha hadi ibaki tarakimu moja tunapata 2, yaani Papa wa Kike. Mtu ni yule yule na tarehe ni ile ile, lakini karata ni nne. Mpiga ramli atachagua ipi? Atachagua ile inayofanana na alichokwisha kukisoma usoni pa mteja. Kina kile kinatoka kwa msomaji, na namba imepewa sifa isiyo yake.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufikisha kwenye mzizi. Kupatwa kwa jua kunaweza kujulikana mapema, maana sababu zake zipo tayari na haziwezi kwenda vingine. Lakini tendo langu la kesho linategemea hiari yangu, na hiari yangu haijaamua bado. Karata iliyo mezani si sababu ya tendo hilo wala si matokeo yake. Itatoa wapi habari zake? Ndiyo maana Maandiko, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati sura ya 18, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2115 hadi 2117, yanakataza ramli za kila namna. Anayetaka kuijua kesho kwa njia hizo anataka kuishika kesho mkononi, na kesho ni ya Mungu.

Kanisa halikatai namba

Mtu anaweza kuuliza: mbona Biblia yenyewe imejaa namba? Zipo siku saba, makabila kumi na mawili, siku arobaini jangwani, samaki 153 katika wavu wa Petro. Mtakatifu Augustino alizipenda namba hizi. Aliona kwamba 153 ni jumla ya namba zote kuanzia 1 hadi 17, na 17 ni kumi ya Amri pamoja na saba ya mapaji ya Roho Mtakatifu.

Tofauti ni hii. Augustino alianza na jambo ambalo Mungu amekwisha kulifunua, akaitumia namba kulikumbuka na kulifurahia. Ukiiondoa hesabu yake, Amri Kumi zinabaki, na mapaji saba yanabaki. Kwa mpiga karata, ukiiondoa hesabu hakuna kinachobaki. Tena Augustino huyohuyo katika ujana wake aliwafuata wanajimu, hadi aliposikia habari za watoto wawili waliozaliwa saa moja, mmoja wa tajiri na mwingine wa mtumwa, na maisha yao yakaenda njia mbali kabisa. Akaachana nao.

Kwetu nako jambo hili si geni. Pwani wako wapiga falaki wanaojumlisha thamani za herufi za Kiarabu za jina la mtu na la mama yake ili kuijua nyota yake. Wengi wanaokwenda kwao si watu wabaya. Ni mama ambaye mtoto wake haponi, ni kijana aliyekosa kazi miaka mitatu. Hata Lévi hakuanza na uovu. Alianza na kaburi la mtoto wake na nyumba iliyobaki tupu. Tukiwakemea tu watu hawa kwenye mimbari bila kuwatembelea nyumbani, tutakuwa tumewaonyesha njia ya kwenda kwa mganga.

Mwisho wa safari

Lévi aliendelea kuandika na kufundisha wanafunzi wachache waliomlipa. Hakuwa tajiri. Jambo la kushangaza ni kwamba hakuacha kujiita Mkatoliki, na aliamini kwamba elimu yake italitumikia Kanisa siku moja. Alifariki Paris tarehe 31 Mei 1875, akiwa na miaka 65. Waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba kabla ya kufa alimpokea padre. Yaliyopita kati yao chumbani mle anayajua Mungu, na sisi tunaweza kumwombea.

Kila ninapofikiria mwisho huo, naona jambo moja. Mtu aliyedai kuwa na ufunguo wa mambo yote, saa ilipofika, hakuhitaji karata 22. Alihitaji mkono wa padre, yaani kile ambacho yeye mwenyewe aliachana nacho siku chache kabla ya kukipokea.

Nasi mafrateri tunayo maswali yetu. Je, nitafika altareni? Je, nikifika nitadumu? Ningependa, nikiri, kupata namba ya kunihakikishia. Lakini anayehakikishiwa kila kitu hahitaji kumwamini mtu yeyote, na wito ni kuaminiana na Yule anayeita.

Herufi 22 za Kiebrania tunazo tayari, mpendwa msomaji. Zaburi ya 119 imepangwa kwa herufi hizo, beti 22 zenye mistari minane minane, jumla mistari 176, nasi tunaisali kwa mafungu katika Sala ya Mchana. Hakuna mstari hata mmoja unaoniambia nitakuwa nani mwaka kesho. Kwenye herufi Nuni, ya kumi na nne, mwenye kusali analifananisha neno la Mungu na taa ya miguuni. Taa ya namna hiyo haimuliki barabara yote hadi mwisho. Inamulika hatua inayofuata tu, na hatua inayofuata nawe unaifahamu: ni sala ya jioni ya leo, ni mgonjwa wa jirani, ni kitubio ulichokiahirisha. Twende hatua hiyo, na kesho tumwachie mwenye nayo.